Ukatili wa Kinyumbani Mahakamani, na Malalamiko Dhidi ya Hakimu

Hili ni eneo ambalo wanafunzi hulijibu kwa kujiamini na bado hupoteza alama. Swali huwa na sura kama hii: mwanamke amepigwa na mumewe, amekwenda mahakamani, lakini hakuridhika na jinsi hakimu alivyolishughulikia shauri lake; eleza hatua anazoweza kuchukua. Katika madaftari mengi ninayosahihisha jibu huja kwa sentensi moja: ataripoti polisi, atadai talaka, kisha atamshtaki hakimu. Sentensi hiyo imefunga pamoja mambo matatu ambayo sheria imeyatenga. Kosa la jinai lina mlango wake, shauri la ndoa lina mlango wake, na lalamiko juu ya mwenendo wa hakimu lina mlango wake. Mwanafunzi anayeyachanganya hukosa alama tano au sita. Mwananchi anayeyachanganya huweza kupoteza haki yake yote, kwa sababu wakati anasubiri jibu kwenye mlango usiohusika, siku za mlango unaohusika zinakwisha.

Tutumie mfano wa kubuni mmoja hadi mwisho wa somo. Bi Fulani anaishi Mohoro, Wilaya ya Rufiji. Yeye na mumewe wamelima ufuta na mpunga kwa miaka kumi na miwili, wamejenga nyumba ya bati, wana watoto watatu. Baada ya kuuza ufuta, ugomvi wa fedha unatokea na mume anampiga kwa fimbo hadi kumchana juu ya jicho. Si mara ya kwanza. Ndugu wanakaa kikao na kumwambia Bi Fulani kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje. Yeye anaamua kuyatoa.

Usidhani kikao hicho ni jambo la pembeni. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 40 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Utafiti huohuo uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Soma tena namba hizo mbili za mwisho. Wanaoamini kwamba kipigo kina sababu yake halali ni wengi zaidi miongoni mwa wanaopigwa. Kwa hiyo kazi ya sheria huanza kabla ya mahakama, kwa kusema wazi kwamba haki hiyo haipo.

Sheria inasema nini juu ya kumpiga mwenzi

Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hata kama mila fulani inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Maneno yake yanamhusu mume na mke kwa usawa. Wanafunzi wengi hushangaa kusikia kwamba kifungu hiki kina umri mkubwa kuliko wazazi wao. Katiba ya mwaka 1977 nayo, katika Ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama, na Ibara ya 12 inatambua kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake.

Hata hivyo, kifungu cha 66 hakitaji adhabu. Kinaondoa kisingizio tu. Adhabu hutoka katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa makosa yaleyale ambayo angeshtakiwa nayo mtu aliyempiga jirani yake: shambulio la kawaida (kifungu cha 240, kifungo kisichozidi mwaka mmoja), shambulio la kudhuru mwili (kifungu cha 241, kisichozidi miaka mitano), na makosa mazito zaidi pale panapotokea madhara makubwa. Tanzania Bara haina sheria moja inayoitwa sheria ya ukatili wa kinyumbani. Uganda ilitunga ya kwake mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015, na sheria zote mbili zinamwezesha mwathirika kuomba amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama inayomzuia mtuhumiwa kumsogelea au kumsumbua, bila kusubiri kesi ya jinai iishe. Sisi tunaokota vipande kutoka sheria kadhaa. Kwa maoni yangu pengo hili linaumiza zaidi katika zile wiki za mwanzo, kati ya siku ya kuripoti na siku ya kusikilizwa, wakati mlalamikaji na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana wanalala chini ya paa moja. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mtu asimsumbue mwenzi wake, lakini hilo linategemea kuwepo kwa shauri la ndoa.

Kumbuka: namba za vifungu vya sheria zinazotajwa katika somo hili ni za Toleo la mwaka 2019. Toleo la Urekebu la mwaka 2023 limebadili baadhi yake. Katika mtihani taja jina la sheria na kile kinachosemwa; usijiumize kukariri namba.

Mlango wa kwanza: kosa la jinai

Bi Fulani anaripoti kituo cha polisi. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mlalamikaji husikilizwa faragha badala ya kusimulia kaunta mbele ya foleni. Anapewa fomu ya polisi namba 3, maarufu kwa jina la PF3, anakwenda nayo zahanati au kituo cha afya, mganga anajaza alichokiona: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limesababishwa na kitu cha aina gani. Fomu hiyo inarudi kwenye jalada. PF3 ni muhimu kwa sababu jeraha hupona na kumbukumbu hufifia, lakini si ushahidi pekee unaokubalika. Nguo, picha, jirani aliyesikia kelele na maneno ya mlalamikaji mwenyewe vyote ni ushahidi. Wale waliopitia mafuriko ya Aprili 2024 huku Rufiji na Kibiti wanajua karatasi inavyoweza kupotea usiku mmoja. Atoe nakala na aiweke kwa mtu mwingine.

Kuna imani mbili mitaani ambazo Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inazikataa, na watahini hupenda kuziuliza. Ya kwanza ni kwamba kesi haiwezi kusimama bila mashahidi wawili au watatu. Kifungu cha 143 kinasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo lolote. Kama hakimu anamwamini shahidi mmoja, inatosha. Hili lina uzito wa pekee kwenye ukatili wa ndani, ambao hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Ya pili ni kwamba mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Ni kweli kwamba sheria inalinda mazungumzo ya siri ya wanandoa, lakini kifungu cha 130 kimeweka wazi kwamba pale mtu anaposhtakiwa kwa tendo lililoathiri mwili au mali ya mwenzi wake, mwenzi huyo anaweza kutoa ushahidi, na hata kulazimishwa kuutoa.

Shambulio kama la Bi Fulani laweza kusikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo kwa kawaida haiwezi kutoa kifungo kinachozidi miezi 12. Madhara yakiwa makubwa, kesi huanzia Mahakama ya Wilaya, na huko anayeiendesha ni mwendesha mashtaka kwa niaba ya Jamhuri. Ndiyo maana mke akienda na kusema "nimemsamehe, futeni", jibu sahihi ni kwamba kesi ile si mali yake peke yake. Yeye ni shahidi. Aliyeshtaki ni Jamhuri.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika makosa madogo ya mtu na mtu, kama shambulio la kawaida, mradi kosa si zito na halina mazingira ya kulifanya kuwa baya zaidi. Wazee wengi wamejenga nyumba zao kwa mapatano, na sitaki mwanafunzi adharau jambo hilo. Lakini mapatano ya sheria ni ya hiari ya pande mbili, tena mbele ya mahakama. Pale mume, wajomba na mwenyekiti wa kitongoji wanapomzunguka mwanamke usiku na kumtaka asiende kutoa ushahidi, hayo hayaitwi mapatano. Kumzuia shahidi asifike mahakamani ni kosa la jinai linalojitegemea.

Kiwango cha uthibitisho kwenye mlango huu ni kikubwa: upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka yenye msingi. Hakimu akibaki na shaka ya kweli, sheria inamtaka amwachie mshtakiwa, hata kama moyoni ana huruma kwa mlalamikaji. Weka sentensi hii akilini, tutaihitaji.

Mlango wa pili: shauri la ndoa

Kumfunga mume miezi sita hakuvunji ndoa, hakugawi nyumba ya bati na hakuamui watoto walale kwa nani. Hayo yote ni ya mlango wa pili, na Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kuyasikiliza. Kiwango cha uthibitisho huku ni chepesi zaidi: mahakama hupima upande upi una ushahidi mzito kuliko mwenzake. Kwa hiyo inawezekana kabisa mume akaachiwa huru kwenye jinai na bado ukatili wake ukathibitika kwenye shauri la ndoa. Hakuna mgongano hapo, kwa kuwa mizani ni miwili tofauti.

Kabla ya kufungua shauri la talaka, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza linaweza kuwa la Kata, la BAKWATA au la kanisa. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo ndiyo tiketi ya kuingilia mahakamani. Shauri lililofunguliwa bila hati huweza kutupwa hata kama madai yenyewe ni ya kweli. Sheria imeweka vighairi, mojawapo ikiwa ni pale mahakama inaporidhika kwamba kuna hali isiyo ya kawaida inayofanya kwenda kwenye Baraza kusiwezekane. Mwanamke aliyekimbilia kwa dada yake Kibiti kwa kuhofia maisha yake anaweza kuiomba mahakama ilitazame hilo.

Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu, ambao ndio wengi katika eneo letu, kuna jambo linalochanganya. Je, talaka iliyotamkwa nyumbani inatosha? Kifungu cha 107(3) kinasema mahakama itaiona ndoa imevunjika isivyorekebishika endapo ndoa ilikuwa ya Kiislamu, Baraza limethibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha, na baada ya hapo mmoja wao amefanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa. Mpangilio ni muhimu: Baraza kwanza, talaka baadaye, kisha mahakama kutoa amri. Aliyetamka talaka jana bila Baraza bado ana safari mbele ya sheria ya nchi. (Zanzibar ni habari nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko, na Waislamu hupeleka mambo haya Mahakama ya Kadhi. Usiichanganye kwenye jibu kuhusu Rufiji.)

Je, ukatili ni sababu ya talaka? Sheria ya Ndoa haina orodha ya "sababu za talaka" kama vitabu vingi vinavyoandika. Ina sababu moja tu: ndoa kuvunjika isivyorekebishika. Ukatili, uwe wa mwili au wa akili, dhidi ya mwenzi au watoto, umetajwa katika kifungu cha 107(2) kama ushahidi mmojawapo wa kuvunjika huko. Tofauti hii ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa maana. Kofi moja la mwaka jana laweza lisitoshe. Miaka mitano ya matusi bila kofi hata moja yaweza kutosha.

Linabaki suala la mali, na hapa historia yetu ina kesi ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, 1983. Swali lilikuwa je, mke ambaye hakuleta fedha bali alipika, alifua na kulea, amechangia kupatikana kwa mali? Majaji waliongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Walijibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika chini ya kifungu cha 114. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba mrufani mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe za kuanzisha biashara, naye akazitapanya. Alishindwa rufaa yake na kuwashindia wanawake waliokuja nyuma yake. Bi Fulani wa mfano wetu, aliyepalilia ufuta miaka kumi na miwili, ana hoja yenye nguvu zaidi kuliko hiyo.

Mlango wa tatu: hakimu

Sasa tuseme Bi Fulani amefika mbele ya hakimu wa kubuni katika shauri lake la jinai. Wakati anasimulia, hakimu anamkatiza na kusema mbele ya watu, "Mama, ukipigwa na mumeo unajua ulichomfanyia." Siku nyingine anamwona hakimu huyo amekaa na mumewe kwenye kibanda cha chai. Mwisho hakimu anamwachia huru mshtakiwa. Bi Fulani afanye nini?

Jibu linategemea analalamikia nini. Kama analalamikia uamuzi, yaani hakimu amepima ushahidi vibaya au ametumia sheria isiyohusika, dawa yake ni rufaa. Kama analalamikia mwenendo, yaani kejeli, upendeleo, rushwa, uzembe, au kukutana na upande mmoja bila mwingine kuwepo, dawa yake ni lalamiko la maadili. Hukumu mbaya hukatiwa rufaa, mwenendo mbaya hulalamikiwa. Na kumbuka ile sentensi niliyokuomba uiweke: hakimu aliyemwachia mshtakiwa kwa sababu ushahidi uliacha shaka ametimiza wajibu wake. Kushindwa kesi peke yake si ushahidi wa ubaya wa hakimu. Sheria inamlinda hakimu asishtakiwe kwa uamuzi alioutoa kwa nia njema akiwa kazini, na ulinzi huo ni kwa faida yetu. Hakimu anayeogopa kudaiwa fidia na kila aliyeshindwa atakuwa akihukumu kwa kumpendelea mwenye nguvu.

Rufaa ya jinai kutoka Mahakama ya Mwanzo hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Katika shauri la ndoa, Sheria ya Ndoa inatoa siku 45. Ikiwa bado hakuridhika, ngazi ya Mahakama Kuu ipo, na juu yake Mahakama ya Rufani. Mahakama ya Wilaya pia inaweza kuliita jalada la Mahakama ya Mwanzo na kulifanyia mapitio.

Hapo kwenye siku 30 ndipo watu wanapoumia. Bi Fulani anaandika barua ya kulalamika juu ya hakimu, anaambiwa inafanyiwa kazi, anasubiri. Miezi miwili inapita. Barua yake huenda ikafanikiwa na hakimu akaadhibiwa, lakini hukumu inabaki palepale, kwa sababu chombo cha maadili hakina uwezo wa kubadili hukumu hata herufi moja. Mahakama ya rufaa, kwa upande wake, haina kazi ya kumfukuza hakimu kazini. Mwenye malalamiko ya aina zote mbili afungue milango yote miwili kwa wakati mmoja. Na ikiwa upendeleo ndio ulioharibu usikilizwaji wenyewe, auweke pia kama hoja ya rufaa, kwani Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na hukumu iliyotoka kwenye usikilizwaji usio wa haki inaweza kubatilishwa.

Kuna hatua nyingine ambayo hutangulia zote, na watahiniwa wachache huitaja: kumwomba hakimu ajitoe. Kama hakimu ni shemeji wa mume, au ameonekana naye faragha, mhusika anaweza kusimama mahakamani na kueleza sababu zake kwa heshima kabla kesi haijaenda mbali. Sababu ziwe za kuonekana. "Simpendi" si sababu, wala "nasikia".

Lalamiko lenyewe linakwenda wapi? Kwanza laweza kupelekwa kwa hakimu mfawidhi, na mengi huishia hapo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Mahakama Na. 4 ya mwaka 2011 imeunda kamati za maadili za maafisa wa mahakama. Ya wilaya, ambayo Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wake, hushughulikia mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Ya mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa, hushughulikia mahakimu wa ngazi za juu yake. Kamati huchunguza, humpa hakimu nafasi ya kujitetea, kisha hupeleka mapendekezo. Mwenye mamlaka ya nidhamu juu ya mahakimu ni Tume ya Utumishi wa Mahakama, inayoongozwa na Jaji Mkuu chini ya Ibara ya 112 na 113 za Katiba. Lalamiko lenye harufu ya rushwa, ikiwemo rushwa ya ngono ambayo imeharamishwa na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, hupelekwa TAKUKURU, kwa simu namba 113 au ofisini kwao. Hapo tena tunarudi kwenye jinai, na anayeshtakiwa ni hakimu.

Lalamiko liandikwe kwa mambo: namba ya kesi, tarehe, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. "Hakimu ananionea" haichunguziki. "Tarehe fulani, saa nne asubuhi, mbele ya karani na watu wanne, hakimu alisema maneno haya" inachunguzika.

Ucheleweshaji nao ni suala la maadili ukikosa sababu. Ibara ya 107A(2) inataka mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Kwa mtu wa mjini kuahirishwa kwa kesi ni usumbufu. Kwa anayetoka vijiji vya visiwani huko Delta, kama Maparoni au Salale, ni nauli ya mashua, kusubiri maji yajae, kulala kwa watu, na watoto walioachwa. Mahudhurio matatu yanayoishia na "njoo mwezi ujao" yanatosha kumfanya mlalamikaji aache, na mshtakiwa anayejua hivyo huombea ahirisho.

Je, Mkuu wa Wilaya anafaa kuwa mwenyekiti wa kamati inayomchunguza hakimu? Hili ni swali zuri la kujadili. Wanaounga mkono husema mwananchi wa kijijini anaijua ofisi ya Mkuu wa Wilaya kuliko anavyozijua ofisi za Tume. Wanaopinga hutaja Ibara ya 107B, inayowapa mahakama uhuru wa kufanya kazi bila kuingiliwa, na kuuliza hakimu atawezaje kuamua kesi dhidi ya serikali ya wilaya bila kumkumbuka mwenyekiti wake. Watu wa Mohoro wana sababu yao ya kulichukulia swali hili kwa uzito. Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani hapa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Katika utawala ule, ofisa aliyekusanya kodi na kuamrisha askari ndiye pia aliyekuwa hakimu wa Waafrika. Kutenganisha mtawala na hakimu hakukuanza kama nadharia ya vitabuni. Mimi naona kamati hizi zina faida, mradi uamuzi wa mwisho ubaki kwa Tume kama ilivyo sasa. Lakini mtahini atakupa alama kwa msimamo wowote wenye hoja.

Majaji wa Mahakama Kuu hawafikishwi kwenye kamati za wilaya wala mkoa. Utaratibu wao wa kuondolewa umo ndani ya Katiba, Ibara ya 110A: Rais humsimamisha jaji na kuunda tume maalumu yenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, ambapo mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe wengine lazima wawe watu waliowahi kuwa, au ambao ni, majaji katika nchi za Jumuiya ya Madola. Jaji anaweza kuondolewa kwa kushindwa kufanya kazi au kwa tabia mbaya. Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki umetoka Kenya. Tarehe 31 Desemba 2011, Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza aligombana na mlinzi wa kike katika jengo la maduka la Village Market, Nairobi. Mlinzi alilalamika kwamba alifinywa pua na kutishiwa bastola baada ya kumtaka Naibu Jaji Mkuu akaguliwe kama wengine. Jopo liliundwa kuchunguza, na mwenyekiti wake alikuwa Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani. Agosti 2012 jopo lilipendekeza aondolewe. Oktoba mwaka huohuo akajiuzulu. Zingatia kwamba hakuwa amevaa joho wala hakuwa akisikiliza kesi. Maadili ya jaji hayaachwi kwenye kiti chake mahakamani, na aliyelalamika alikuwa mlinzi wa getini.

Kujibu swali

Turudi kwenye swali la mwanzo. Jibu dhaifu huandika: "Mwanamke atakwenda TAKUKURU ili hukumu ibadilishwe." TAKUKURU haibadilishi hukumu. Jibu lenye alama huanza kwa kutenganisha: kipigo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na huripotiwa polisi, kuvunja ndoa, mali na watoto hupitia Baraza la Usuluhishi kisha mahakama, kutoridhika na uamuzi ni rufaa ndani ya muda, kutoridhika na mwenendo ni lalamiko kwa kamati ya maadili. Kisha linaongeza jambo moja ambalo swali halikuuliza wazi, kama vile siku 30 au tofauti ya viwango vya uthibitisho. Jambo hilo moja ndilo humwonyesha mtahini kwamba umeelewa.

Maswali ya kujipima

1. Mume ameachiwa huru katika kesi ya shambulio. Wiki moja baadaye mahakama nyingine inavunja ndoa yake kwa sababu ya ukatili uleule. Je, mahakama moja imekosea? Fafanua.

2. Mke aliyefunga ndoa ya Kiislamu Mohoro ametamkiwa talaka nyumbani kabla ya Baraza lolote kukaa. Eleza kwa mpangilio hatua zinazobaki ili ndoa ihesabike imevunjika mbele ya Sheria ya Ndoa ya 1971.

3. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ametoa hukumu ya jinai tarehe 3 Machi. Mlalamikaji alipeleka barua kwa kamati ya maadili tarehe 5 Machi na amejibiwa tarehe 20 Aprili kwamba hakimu amepewa onyo. Je, hukumu imebadilika? Je, muda wa rufaa umebaki? Onyesha hesabu yako.

4. "Mkuu wa Wilaya hapaswi kuongoza kamati inayochunguza mahakimu." Jadili kwa kutumia Ibara ya 107B ya Katiba na mfano mmoja wa kihistoria kutoka Mohoro.